Jadak

Kila mwezi, ukifika katikati, mamangu hunitumia neno moja kwenye WhatsApp: "Imesonga?"

Hasemi nini. Anajua najua. Nafungua tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, natafuta taarifa ya viza ya mwezi unaofuata, nateremka hadi kwenye jedwali la familia, mstari wa mwisho kabisa, ulioandikwa F4. Huo ndio mstari wa ndugu wa raia wa Marekani. Pale natafuta tarehe moja tu. Kama uliombewa kabla ya tarehe hiyo, zamu yako imefika. Kama ni baada, kaa utulie. Mwaka 2024 tarehe zilizokuwa zikiandikwa pale zilikuwa za 2007. Ombi letu ni la 2012.

"Imesonga wiki mbili," namjibu. Au, "Imekwama."

"Mungu ni mwema," anaandika, iwe imesonga au imekwama.

Mama yuko Migori, kwenye boma la marehemu baba, upande wa Kanyamkago. Mimi niko Nairobi. Dada yake yuko Minnesota, analinda wazee usiku kwenye nyumba ya wazee. Huyo dada kwa Kiingereza ni "aunt" wangu, lakini nyumbani hatuna neno hilo. Ni mama mkubwa. Ni mama. Yeye ndiye aliyetufailia, kama watu wanavyosema, na jina langu liko kwenye ombi hilo tangu nikiwa na miaka 11. Mwaka huu nina 24, na nimeanza kuelewa kwamba kuna uwezekano mkubwa niliishi utoto wangu wote nikiwa nimefungasha mizigo ya safari ya mtu mwingine.

Nilianza kusoma historia ya fomu hiyo kwa sababu nilitaka mtu wa kulaumu. Nilidhani historia yenyewe ingeanzia Washington. Ikaanzia Kanyamkago.

*

Baba ya babu yangu, upande wa baba, hakuzaliwa Migori. Alizaliwa Karachuonyo, karibu na Kendu Bay, ambako leo ni Kaunti ya Homa Bay. Alihama na mke, watoto na mbuzi wachache, akateremka kusini hadi Kanyamkago, kwa sababu dada yake alikuwa ameolewa huko na shemeji alikuwa na ardhi ya ziada. Shemeji akaenda kwa wazee wake akasema: huyu ni mtu wangu, mimi nasimama naye. Wazee wakakubali, akaonyeshwa mahali pa kujenga.

Mtu wa namna hiyo Wajaluo wanamwita jadak. Wakiwa wengi ni jodak. Neno linatokana na "dak", kuishi, kukaa. Jadak ni mkaaji. Kwa upande wa pili wako weg lowo, wenye ardhi, ambao mababu zao ndio waliofika kwanza. Jadak alilima, alijenga, alioza mabinti, alizaa wajukuu pale pale. Lakini sauti yake ilikuwa ndogo mambo ya ardhi yalipojadiliwa, na akikosana na aliyemleta angeweza kuambiwa arudi alikotoka. Alikuwa na haki ya kukaa. Mahali penyewe hapakuwa pake.

Na hakufika kwa miguu yake tu. Alifika kupitia mtu: mjomba, shemeji, mkwe, rafiki wa damu. Bila mtu wa kusema "huyu ni wangu", hungejenga.

Sehemu yetu yote ya nchi ilijazwa hivyo. Wajaluo wenyewe walifika kutoka kaskazini, wakavuka Ghuba ya Winam kwa vizazi kadhaa. Wasuba wa Mfangano na Rusinga walitoka upande wa Uganda, wakakaa na Wajaluo kiasi kwamba wajukuu wao wengi leo wanaota ndoto kwa Dholuo. Wakuria wamekaa upande huu wa Isebania na upande ule wa Sirari, na mpaka waliochora Waingereza na Wajerumani ukapita katikati ya familia zao bila kuuliza nani ni shemeji ya nani. Ukitoka Migori mjini asubuhi ya siku ya soko unasikia Dholuo, Kikuria, Kisuba, Kiluhya, Kikisii na Kiswahili cha Tanzania kabla hujanunua ndizi. Hapa kila mtu aliletwa na mtu.

Halafu ikaja karatasi. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ni ya 1963, na miaka iliyofuata wapimaji wakazunguka South Nyanza, wilaya moja iliyokuwa imebeba Homa Bay na Migori kwa pamoja, wakiuliza: shamba hili ni la nani? Swali rahisi kwa mpimaji, lakini kwa jadak lilikuwa swali la kutisha. Aliyekuwa ameishi pale miaka 40 kwa neno la shemeji sasa alihitaji jina lake liandikwe, na shemeji alikuwa amekufa, na watoto wa shemeji walikuwa na mawazo yao. Wengine waliandikwa wakawa wenye ardhi. Wengine waliachwa nje. Sisi tuliandikwa. Lakini hadi leo, watu wakigombania mpaka au kura, huwa kuna mtu wa kurusha lile neno, jadak, kama jiwe. Baba alirushiwa mara moja kwenye mazishi. Alikuwa na hati miliki mfukoni, yaani mfukoni kabisa, kwa sababu alijua watarusha.

Kadi ya mkaazi wa kudumu wa Marekani, ile tunayoiita grinkadi, nilipoisoma masharti yake niliona kitu ninachokijua. Unaishi, unafanya kazi, unalipa kodi. Hupigi kura kumchagua rais. Ukifanya makosa fulani unafukuzwa. Na njia kubwa zaidi ya kuipata ni mtu aliyetangulia asimame aseme: huyu ni wangu.

Ni kadi ya jadak.

*

Haikuwa hivyo tangu zamani. Mwaka 1924 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyogawa nafasi kwa asili ya taifa. Hesabu ilipangwa ili wengi watoke Ulaya ya kaskazini na magharibi. Waasia karibu wote walifungiwa nje, na Afrika ikapewa makombo. Sheria ya 1952 ikaongeza kwamba koloni lolote halitatumia zaidi ya nafasi 100 kwa mwaka katika fungu la nchi inayolitawala. Kenya ilikuwa koloni la Waingereza. Kwa hiyo kuanzia Lamu hadi Karungu, watu 100.

Kisha zikaja harakati za haki za watu weusi, na ubaguzi ulioandikwa wazi hivyo ukaanza kuwaaibisha. Serikali ya Lyndon Johnson ilitaka sheria mpya ambayo ingetanguliza ujuzi. Lakini kwenye Bunge la chini, kamati ndogo ya uhamiaji iliongozwa na mbunge wa Ohio aliyeitwa Michael Feighan, na yeye alisukuma familia itangulie. Hesabu yake ilikuwa ya mtu mjanja: Wamarekani wengi wakati huo walikuwa na asili ya Ulaya, kwa hiyo wangeleta jamaa kutoka Ulaya, na nchi ingebaki na sura ile ile bila sheria kutaja rangi ya mtu.

Johnson alitia sahihi tarehe 3 Oktoba 1965, chini ya Sanamu ya Uhuru, New York. Katika mafungu yaliyowekewa kikomo, fungu la ndugu wa raia ndilo lililopewa sehemu kubwa kuliko mengine, asilimia 24.

Hesabu ya Feighan ilikuwa na shimo. Ulaya ilikuwa imeanza kupata nafuu, na watu wake hawakuwa na haraka. Waliokuwa na haraka walikuwa watu wa Korea, Ufilipino, India, baadaye Nigeria, Ethiopia na Kenya. Mmoja alifika kwa masomo au kazi, akawa raia, akamwombea ndugu, ndugu akaja na mke, mke akawa raia, akamwombea ndugu yake. Sheria iliyotungwa ili nchi isibadilike sura ndiyo iliyoibadilisha.

Tangu hapo mstari wa ndugu umekuwa ukitafutiwa kisu. Tume iliyoongozwa na Barbara Jordan ilipendekeza mwaka 1995 ufutwe. Mswada uliopita Seneti mwaka 2013 ungeufuta pia, lakini haukupita Bunge la chini. Mwaka huo wa 2013 nilikuwa darasa la sita. Mama mkubwa alipiga simu usiku akamwambia mama tuombe. Tuliomba. Sikujua tunaombea kifungu cha sheria.

*

Unaweza kuuliza: kama mlango ulifunguliwa 1965, mbona watu wetu hawakuingia mapema? Walikuwa karibu kuliko wengi.

Tom Mboya, ambaye kwao ni Rusinga, alikuwa ameanza kuwapeleka vijana kusoma Marekani kabla hata ya uhuru. Ndege ya kwanza, yenye wanafunzi 81, ilitua New York Septemba 1959. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walisaidia kuchangisha. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Hadi 1963 wanafunzi wa Afrika Mashariki waliopitia mpango huo walikuwa wamefika mamia kadhaa, karibu 800.

Lakini walienda na viza za wanafunzi, na lengo lilikuwa warudi. Kenya mpya ilihitaji makarani, walimu, wachumi, madaktari. Wengi walirudi, na walipewa vyeo na magari. Mnyororo wa familia unahitaji pete ya kwanza ibaki kule. Pete yetu ilirudi nyumbani kujenga taifa.

Barack Obama mkubwa, mzaliwa wa Kanyadhiang, hapo karibu na Kendu Bay, aliondoka 1959 mwaka huo huo kwenda Hawaii, kwa njia yake mwenyewe, si kwa ile ndege. Alioa Mmarekani mwaka 1961, wakapata mtoto, akaenda Harvard 1962. Angeweza kuwa pete ya kwanza. Lakini maafisa wa uhamiaji walikuwa na faili lake, na ndani yake waliandika kuhusu mke wake aliyebaki Kenya. Sheria yao haikuwa na mahali pa mtu mwenye wake wawili. Mwaka 1964 walikataa kumwongezea muda, na akarudi Kenya bila shahada ya uzamivu aliyoifuata. Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akazikwa Rusinga. Obama alikufa kwa ajali ya gari, Nairobi, mwaka 1982.

Hiyo stori mnaijua. Ambayo haizungumzwi sana ni ya wadogo zake.

Omar Onyango Obama, ndugu yake wa baba mmoja, alifika Massachusetts mwaka 1963 akiwa kijana wa shule. Akabaki. Viza ikaisha, amri za kuondoka zikatoka, hakuondoka. Aliishi hivyo miaka mingi, akifanya kazi katika duka la vileo, hadi polisi walipomsimamisha barabarani Agosti 2011. Wakati huo mtoto wa kaka yake alikuwa Rais wa Marekani.

Zeituni Onyango, dada yao, aliomba hifadhi akanyimwa mwaka 2004. Aliendelea kuishi Boston katika nyumba za serikali. Siku chache kabla ya uchaguzi wa 2008 magazeti yakamtoa: shangazi ya Obama hana karatasi.

Nilipokuwa mdogo nilidhani hii ndiyo aibu kubwa ya ile familia. Mtu ni rais, ana bomu la nyuklia, na hawezi kumpa shangazi yake karatasi? Huku kwetu diwani tu akishinda, jamaa zake wote wanapata kazi kaunti. Sikuelewa hadi niliposoma maelezo ya ile fomu, I-130. Raia wa Marekani anaweza kumwombea mke au mume, mtoto, mzazi, ndugu. Basi. Hakuna kisanduku cha shangazi. Hakuna cha baba mdogo. Hata bila siasa, hata kama angetaka kufanya hivyo mchana kweupe mbele ya kamera, Barack Obama hakuwa na fomu ya kujaza. Pete iliyowaunganisha ilikuwa baba yake, na baba yake alikuwa amezikwa Kogelo.

Zeituni alipewa hifadhi mwaka 2010, akafa Aprili 2014. Omar aliokolewa na kifungu cha zamani ambacho wengi hawakijui: mtu aliyeingia Marekani kabla ya tarehe 1 Januari 1972 na akakaa mfululizo, akiwa na tabia njema, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Jaji alimpa Desemba 2013, miaka 50 baada ya kufika.

Angalia hilo tena. Hakuna ndugu aliyemsimamia. Alipata haki ya kukaa kwa sababu alikuwa amekaa. Mzee yeyote wa Kanyamkago angeielewa hukumu hiyo bila mkalimani.

*

Sasa turudi kwetu.

Mama mkubwa alishinda ile bahati nasibu ya viza, iliyoanzishwa na sheria ya 1990. Hii wengi wenu mmeijua kupitia saiba: picha ya mandhari meupe, masikio yaonekane, shilingi mia mbili, ngoja Mei. Alienda mwaka 2000. Miaka mitano baadaye, 2005, alikuwa na haki ya kuomba uraia. Hapo ndipo maisha yangu yalipopinda, na mimi nilikuwa na miaka minne.

Mwenye grinkadi hawezi kumwombea ndugu. Raia peke yake ndiye anaweza. Lakini Katiba ya Kenya ya wakati ule haikuruhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Ukiapa kule, umejifuta huku. Babu, baba yao mama, alikuwa bado hai. Alimuuliza kwa simu swali moja tu: "Ukishakuwa Mmarekani, tukuzike wapi?"

Akaacha. Hakuomba 2005, wala 2006, wala 2007. Tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ikatangazwa Uhuru Park na uraia pacha ukaruhusiwa. Wengine walishangilia kaunti. Kwetu walishangilia kifungu hicho. Mama mkubwa akaanza mchakato, akaapa 2012, na mwaka huo huo akatufailia.

Nimepiga hesabu hii mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya. Waliofailiwa 2005 walianza kufikiwa karibu 2019. Ningekuwa na miaka 18. Ningeenda na mama, kwa sababu mtoto asiye na ndoa na aliye chini ya miaka 21 husafiri na mzazi kwenye ombi la mzazi. Miaka saba ya Katiba ya zamani na swali moja la babu. Simlaumu babu. Swali lake lilikuwa zuri. Mpaka leo hakuna aliyelijibu.

Kisha ilibidi tuthibitishe kwamba dada wawili ni dada. Mama mkubwa anaitwa Atieno kwa sababu alizaliwa usiku. Mama ni Achieng' kwa sababu alizaliwa jua likiwa juu. Wote walizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga. Mmoja shuleni aliandikisha jina la baba, mwingine jina la ubatizo na lake la Kijaluo, basi. Karatasi zao hazikuwa na hata jina moja la kufanana. Kwa afisa anayesoma mezani, hao ni wanawake wawili kutoka kijiji kimoja. Dani, bibi yangu, alipelekwa Homa Bay kwa bodaboda na matatu kuapa mbele ya wakili kwamba aliwazaa wote wawili. Alikasirika. "Nani mwingine angewazaa?"

Na kuna yule tunayemwita nera, mjomba. Ni mtoto wa marehemu kaka yake babu. Alilelewa na Dani tangu akiwa mwaka mmoja, alinyonya titi lile lile. Dholuo haina neno la kumtenga na dada zake. Fomu inalo. Ndugu, kwa sheria yao, ni mtu mliyechangia angalau mzazi mmoja. Nera hakufailiwa. Ndiye anayeishi na Dani sasa, ndiye anayempeleka hospitali, ndiye anayepokea pesa zikitumwa. Yaani aliyebaki kutunza mama yao ni yule ambaye kwa karatasi hana mama pale.

Ombi letu lilikubaliwa 2016. Kukubaliwa si kupewa viza. Ni kuruhusiwa kupanga foleni. Nafasi za ndugu ni 65,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na humo humo wanahesabiwa wake, waume na watoto wao. Ndiyo maana tarehe inasonga wiki wiki.

Kuna sheria ya 2002 inayowalinda watoto wanaozeekea kwenye foleni. Inasema: chukua umri wako siku zamu inapofika, toa muda ambao ombi lilikaa kwa maafisa kabla ya kukubaliwa. Letu lilikaa miaka minne. Kwa hiyo mimi, badala ya 21, nilipewa hadi 25. Ninafikisha 25 mwaka 2026. Hata foleni ikisonga mwaka mmoja kwa kila mwaka, jambo ambalo si kawaida yake, itafika 2012 mnamo 2029.

Ndugu yangu mdogo alizaliwa 2008. Mwaka 2029 atakuwa na 21, toa minne, 17. Yuko ndani. Ikichelewa hadi 2033, hata yeye yuko nje.

Kwenye ombi tulikuwa majina manne. Baba alifariki 2015. Mimi nimebakiza miezi. Na ombi lenyewe linapumua kwa pumzi za mama mkubwa, kwa sababu mwombaji akifa, kwa kawaida ombi linakufa naye. Ana miaka 62 na bado anafanya zamu za usiku, kwa sababu lazima aonyeshe mapato yasiyopungua asilimia 125 ya kile serikali yao inachokiita kiwango cha umaskini, ili aahidi kwamba hatutakuwa mzigo. Nikimwambia apumzike anacheka. "Nikipumzika nani atasaini?"

*

Krismasi iliyopita nilienda nyumbani. Jioni moja tulikuwa jikoni, mama anageuza omena, mimi nimekaa kwenye ndoo. Nilikuwa nimeamua kumwambia ile hesabu ya 2026. Nilikuwa nimeificha karibu mwaka mzima, nikimjibu "imesonga" kama mtu anayempa mgonjwa habari nzuri tu.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema anaijua. Mama mkubwa alimweleza zamani, 2019. Wote wawili walikuwa wanaificha ili nisiache chuo. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo, na kidogo, nikisema ukweli, kwa sababu sikuona maana ya kumaliza hapa kitu nilichofikiri nitakianza upya kule. Tulicheka, lakini si kicheko kirefu.

"Zamu ikifika, utaenda?" nikamuuliza.

Aliangalia nje, upande wa kaburi la baba, na la babu, na la yule mzee aliyekuja na mbuzi kutoka Karachuonyo. Yule mzee alikufa jadak na akazikwa hapo hapo.

"Nitaenda na mdogo wako," akasema. "Nikifika, nikufailie wewe."

Hilo linawezekana. Mwenye grinkadi anaweza kumwombea mtoto wake aliyepita 21. Ni foleni nyingine, F2B, na mwaka 2024 waliokuwa wakifikiwa ni wa 2015 na 2016. Kwa hiyo, tuseme mama afaili 2029, ongeza miaka minane au tisa. Nitakuwa na 36 au 37. Lakini foleni hiyo ina sharti: mtoto awe hajaoa wala kuolewa. Ukifunga ndoa kabla mzazi hajawa raia, ombi linajifuta lenyewe siku hiyo hiyo. Hakuna hata barua ya kukuuliza kama una uhakika.

Nilimweleza. Alinyamaza, akageuza omena.

"Hata huku," akasema mwishowe, "jadak aliruhusiwa kuoa."

Mwezi wa pili kuna mtu hapa Nairobi aliniuliza ni lini twende Migori akajitambulishe. Ni mtu mzuri, hana haraka, anauliza mara moja kisha anangoja. Nilimwambia tusubiri mvua ziishe, barabara ya Kanyamkago ni mbaya. Mvua ziliisha Juni. Bado sijamweleza kwamba kuna fomu ambayo haijajazwa, pengine haitajazwa kamwe, na tayari inataka kujua kumhusu.